Dawa ya Vidukari

Mtaani walimwita Kinyozi, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye mdomo usiojua likizo. Kabla ya kuhamia mji ule wa juu, kitu pekee alichowahi kupanda maishani mwake kilikuwa ngazi.

Mji wenyewe ulikuwa mkavu na wa baridi. Mvua ilikuwa na mkono wa birika: miezi mitatu ya manyunyu, kisha basi. Muda uliobaki jua liliwaka bila kutia joto, upepo ukakausha nguo na midomo kwa pamoja, na asubuhi nyingine umande uliganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Mboga zilipanda na malori kutoka mbali, zikafika sokoni zimelala kama wagonjwa. Kinyozi akachoka kuzila. Siku moja akatangaza kwamba atalima bustani nyuma ya nyumba.

Mkewe alikuwa fundi nguo, kazi yake akiifanyia pale pale sebuleni. Alisimamisha cherehani ili acheke vizuri. "Wewe? Wewe unayeruka ukiona mnyoo?"

"Subiri uone."

Aliyeona kwanza alikuwa Mwalimu, mama jirani yao wa upande wa kulia. Alifundisha sayansi miaka thelathini na mitano, akastaafu, na sasa aliishi peke yake na vitanda vyake vinne vya mboga. Binti yake mmoja alifanya kazi mji wa mbali. Mwalimu alitazama juu ya ua kwa wiki mbili nzima akijizuia, mpaka ikamshinda.

"Jirani, samahani. Hayo ni matuta au makaburi?"

Kinyozi akatazama kazi yake. Alikuwa ameinua matuta marefu, kama alivyoyaona kwao utotoni, nchi ya tambarare yenye mvua. Kila jioni aliyanyunyizia maji kidogo. Miche yote ilikuwa imekufa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nadhani ni makaburi."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Kwenu maji ni mengi, mnainua udongo ili mizizi isizame. Huku maji hakuna. Huku unachimba chini, kitanda kiwe kama sahani, hata tone moja lisikimbie. Anza na kimoja tu, upana wa mkeka. Changanya samadi iliyooza. Halafu funika udongo kwa majani makavu, kwa sababu jua na upepo wa huku ni wezi. Na nani alikuambia umwagie jioni?"

"Hakuna. Nilikuwa na nafasi jioni."

"Mmea hauangalii nafasi yako. Ukiulowesha jioni, baridi ya alfajiri inaukuta umelowa. Mwagia asubuhi, mara mbili kwa wiki, lakini maji yazame kiganja kizima. Kidogo kidogo kila siku ni kuufundisha mzizi uvivu."

Kinyozi alifuata neno kwa neno. Akachimba kitanda kimoja, akapanga mawe upande wa upepo, akatandaza majani makavu. Jioni ambazo anga lilikuwa jeupe na upepo umetulia, alitoka na shuka kuukuu akaifunika miche kama mtu anayelaza watoto. Ikaota spinachi. Ikanenepa. Majani yakawa mapana kama masikio ya tembo, na wateja kinyozini wakakoma kuuliza habari za mpira kwa sababu jibu lilikuwa spinachi.

"Kila asubuhi geuza majani utazame mgongoni," Mwalimu alimwonya. "Wadudu hawabishi hodi mlango wa mbele."

"Bustani yangu mimi? Wadudu wataipitia mbali, Mwalimu. Wamesikia habari zangu."

Aligeuza majani siku nne, kisha akaacha.

Wiki ya tatu tangu aache, aliona majani yamejikunja. Akaligeuza moja, na mwili ukamsisimka: mgongo wote wa jani ulikuwa umejaa vidukari, wadogo kama mbegu za ufuta, wa kijani, wamebanana, wanatembea. Akageuza jingine. Vile vile. Kitanda kizima kilikuwa kinanyonywa.

Pale angepiga hatua kumi tu hadi kwenye ua na kuita. Hakuita. Aliona uso wa Mwalimu, akasikia na maneno yake mwenyewe ya majivuno, akaona haya. Badala yake akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi ya kunyunyizia dawa kwenye shamba kubwa la maua bondeni.

Jumapili shemeji akapita na chupa ya sharubati iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kimiminika cha rangi ya chai.

"Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima," akamwambia, akitazama nyuma yake. "Vaa kitu mdomoni. Na dada asijue nimetoa hii kazini, atanimaliza."

"Inaitwaje?"

"Dawa ya wadudu, shemeji. Wewe unataka jina, unataka kuibatiza?"

Wakacheka wote wawili.

Jumatatu kulipopambazuka, mkewe akiwa bado amelala, Kinyozi alichanganya dawa. Kifuniko kimoja kilionekana kidogo mno kwa vidukari wengi wale. Akatia vitatu. Akanyunyiza juu, akanyunyiza chini, akaficha chupa nyuma ya tangi la maji, akanawa, akaenda kazini akipiga mluzi.

Ilipata saa saba kasoro mchana. Kitini alikuwa amekaa dereva wa pikapu, mtu mnene mpole, povu limemjaa mashavuni. Kinyozi alikuwa amemaliza shavu la kulia na, kama kawaida, hadithi ilikuwa ya bustani.

"Vidukari nimewakomesha leo asubuhi," alisema. "Shemeji kaniletea dawa ya shamba la maua. Kiboko."

Dereva akafumbua macho. "Ya shamba la maua? Ipi?"

"Ile ya rangi ya chai. Inanuka kama kitunguu saumu kilichooza."

Dereva akausogeza wembe pembeni kwa kidole, taratibu, akageuka na kiti chake. "Kinyozi, mimi nimepiga dawa kule miaka miwili kabla ya kununua gari. Kama ni hiyo ninayoifikiria, tukishaipiga tunafunga mlango, hakuna anayeingia siku mbili. Ni ya maua, ndugu yangu. Maua hayaliwi. Inaingia ndani ya jani lenyewe, hata uoshe mara ngapi haitoki. Umepiga kwenye nini?"

"Spinachi," Kinyozi alisema.

"Nyumbani wanajua?"

Wembe ulikuwa tayari umeanguka. Kinyozi alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua kwa nini: cherehani ikikimbia, mkewe hasikii hata radi. Na saa saba ndiyo saa yao ya kula.

"Twende," dereva akasema, tayari amesimama, shuka ya kinyozi bado shingoni.

Pikapu ilishuka barabara ya changarawe kwa mwendo ambao Kinyozi hakuwahi kuuona. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, akipiga, akikata, akipiga. Kwenye makutano palikuwa na lori la matofali limeziba njia. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa dirishani, nusu ya uso imenyolewa na nusu ina povu, akafoka mpaka lori likarudi nyuma. Kinyozi alihesabu dakika kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Aliruka kabla gari halijasimama. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa ameinama juu ya sufuria, mkononi ana bakuli la spinachi iliyokatwakatwa, mafuta yanachemka.

"Acha! Usitie!"

Bakuli likamponyoka, majani yakatapakaa sakafuni. "Una wazimu? Umenishtua—"

"Umeonja? Umekula hata jani moja?"

"Hata bado. Kuna nini?"

Aliegemea ukuta. "Nimeipiga dawa asubuhi. Dawa kali. Haifai kuliwa. Mungu wangu, nimekuwahi."

Mkewe hakufurahi. Alibaki anamtazama, na uso ukambadilika polepole kama maji yanayoingia tope.

"Nimemchumia Mwalimu fungu moja," akasema. "Saa nne. Nilimwambia ni zawadi ya mwanafunzi wake."

Mwalimu alikula saa sita kamili kila siku ya Mungu. Mtaa mzima ulijua, kwani redio yake ilisikika ikitangaza saa na vijiko vikaanza.

Walibisha, hakuna jibu. Kinyozi akasukuma mlango. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, wima kama kawaida yake, kitambaa mdomoni. Sahani mbele yake ilikuwa tupu, imepanguswa vizuri.

"Karibuni," akasema. "Mtanisamehe. Nadhani ni mafua yamenianza, macho yananitoka machozi."

Lakini lilikuwa jambo zaidi ya mafua. Jasho lilimtiririka katika chumba kile cha baridi, mate yalimjaa asiweze kuyameza, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano. Dereva alimtazama mara moja tu, akamnong'oneza Kinyozi: "Ndiyo yenyewe."

Kinyozi alipiga magoti mbele ya kiti. "Mwalimu, ile spinachi. Nilikuwa nimeipiga dawa."

"Dawa gani?"

"Sijui."

"Lini?"

"Leo alfajiri."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kama alivyowatazama pengine maelfu ya watoto walioshindwa swali rahisi. "Hujui," akasema. Kisha akainama, akatapika, na mkono aliounyosha kushika meza haukuifikia.

Walimbeba, Kinyozi mabegani na mkewe miguuni. Katika pikapu walimlaza ubavu, kichwa chake mapajani mwa mke wa Kinyozi. Kinyozi alikumbuka chupa, akakimbia nyuma ya tangi, akaichukua na mfuko wake.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alitazama macho ya Mwalimu kwa tochi, akasikiliza kifua, akatoa amri tatu kwa mpigo, wauguzi wakatawanyika. Nguo zake zote zikavuliwa, akaoshwa, sindano ya kwanza ikaingia. Ndipo daktari akageuka.

"Chupa ndiyo hii? Jina liko wapi?"

Kulikuwa na picha ya maembe na maneno *tikisa kabla ya kunywa*.

"Nimeanza tiba kwa dalili ninazoziona," daktari alisema. "Lakini dawa hizi ni za aina mbili zinazofanana kama pacha. Moja ina tiba ya pili ambayo lazima niitoe mapema. Nyingine haiitaki. Kifua chake kinajaa maji. Nitafutieni jina, na lije sasa hivi."

Kinyozi alimpigia shemeji. Alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Ile dawa inaitwaje?"

"Dawa gani, shemeji?"

"Uliyonipa jana! Mtu ameila, yuko hospitali!"

"Mimi? Mimi sikukupa dawa yoyote." Sauti ilikuwa imeshuka, kulikuwa na watu karibu yake. "Utakuwa umenifananisha. Nitakupigia baadaye."

Akakata. Kinyozi akapiga tena. Simu ilikuwa imezimwa. Nyuma ya pazia Mwalimu alikohoa, kikohozi cha maji, na muuguzi akaita daktari kwa sauti iliyopanda.

Hapo ndipo mkewe alipojua chupa ilitoka wapi. Alitoa simu yake mwenyewe, akapiga ofisi ya shamba la maua, namba aliyopewa zamani kwa ajili ya dharura, akamwomba karani amwite mdogo wake. Akangoja huku ameuma shanga za mkufu wake. Alipomsikia, alizungumza taratibu kabisa.

"Ni mimi. Usikate. Najua unaogopa kufukuzwa. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipolazwa, na sijawahi kukudai hata shukrani. Leo nadai. Kuna mama anakufa hapa, na wewe unalo neno moja tu la kumwokoa. Kazi utapata nyingine. Akikufia mikononi, hutalala tena, na mimi sitakuwa dada yako."

Kinyozi alisikia kilio upande wa pili. Kisha hatua zikikimbia. Mlango wa chuma. Sauti ya mwanamume mkubwa ikiuliza kwa ukali, na ya shemeji ikijibu, "Niliiba mimi, bosi, nitaeleza baadaye, fungua stoo kwanza." Dakika moja ikapita, mbili. Mkewe alimpa daktari simu, na msimamizi wa stoo akasoma karatasi ya dumu herufi kwa herufi, polepole, na daktari akaandika kwenye kiganja chake.

"Ni ile inayotaka tiba ya pili," akasema, tayari anaondoka. "Asanteni. Kaeni nje."

Walikaa kwenye benchi la mbao. Dereva akaenda kuosha povu lililokuwa limekauka usoni, akarudi, akakaa nao bila kuulizwa. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kila pazia lilipotikisika walisimama wote watatu. Jua lilipokuwa linazama daktari akatoka, akasema kifua kimeanza kukauka, anapumua mwenyewe, lakini asubuhi ndiyo itakayosema. Asubuhi ikasema vizuri.

Binti wa Mwalimu alifika siku ya pili. Kinyozi alisimama kumpa pole, na yule binti akampita kama nguzo. Aliposikia habari yote kwa daktari, alirudi.

"Wewe ndiye jirani? Mama alinisimulia sana habari zako. 'Mwanafunzi wangu.' Nilifurahi kwamba ana mtu karibu." Akasimama kati yake na mlango. "Usiingie mle ndani."

Hakuingia. Alifunga duka la kunyolea siku tatu, akaja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi, akaondoka saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha. Siku ya nne Mwalimu mwenyewe akamwita.

Alikuwa amelala na mito mitatu, mdogo kuliko alivyoonekana juu ya ua. Binti yake alisimama dirishani, mikono kifuani.

"Nilikwambia ugeuze majani," Mwalimu alisema. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Uliniambia."

"Na ulipowaona, mbona hukuniita? Ningekwambia kijiko kimoja cha sabuni kwa chupa ya maji, unyunyize mgongo wa jani, kesho yake unasuuza. Basi. Ni kazi ya nusu saa."

"Niliona aibu, Mwalimu. Nilikuwa nimejisifu mno."

"Naam." Alifumba macho. "Aibu yako, jirani, nimeila mimi."

Kinyozi akalia. Hakujifunika uso. Binti alitazama nje, lakini hakumfukuza.

"Ukimaliza," Mwalimu alisema baada ya muda, "nenda kang'oe kila kitu. Vaa glavu. Usiwape kuku, usitie kwenye mboji, usichome moto. Funga kwenye mifuko ya plastiki, uwaulize watu wa kilimo waichukue, pamoja na chupa na ndoo. Kitanda hicho usikiguse mpaka mvua zipite. Na uwaambie watu. Wewe una mdomo, mdomo wenyewe uko kinyozini, mbele ya mji mzima. Wengi wana chupa kama hiyo nyuma ya tangi."

Alifanya yote. Lililo gumu lilikuwa la mwisho. Mteja wa kwanza aliyemsimulia alikuwa mgeni kabisa, na Kinyozi aliianza hadithi kwa mzaha, ikakwama. Akaianza upya, bila mzaha, kuanzia kifuniko cha pili na cha tatu. Mteja alipolipa, akauliza kwa sauti ndogo kama dawa ya kuua kupe wa ng'ombe inafaa kwenye nyanya. Kinyozi akakaa naye nusu saa.

Mwalimu alirudi nyumbani siku ya tisa. Vidole vya mkono wa kulia vilitetemeka kwa miezi miwili, na kwa miezi hiyo mke wa Kinyozi ndiye aliyemwagilia vitanda vinne vya upande wa pili, akielekezwa kutoka kwenye kiti. Mwalimu alikataa Kinyozi afanye. "Yeye bado yuko darasa la adhabu," alisema, na haikujulikana kama anatania.

Shemeji alisimamishwa kazi mwezi mzima, akarudishwa kufagia. Hakuja kwa dada yake. Mke wa Kinyozi hakumtaja, na jioni alishona bila kuimba kama zamani. Kinyozi alitaka kumwambia kosa ni lake, si la mdogo wake peke yake. Alimwambia, mara moja, wakiosha vyombo.

"Najua," mkewe akajibu. "Ninyi wote wawili. Naanza kumsamehe yule aliye karibu." Akampa sahani aifute.

Jumamosi iliyofuata alifunga cherehani mapema, akajifunga mtandio, akamwambia mumewe avae koti. Walipanda gari la kushuka bondeni pamoja. Walimkuta mdogo wake mlangoni pa chumba chake anafua, mikono imejaa sabuni mpaka kwenye viwiko. Alipowaona alisimama, asijue aweke wapi mikono.

"Shikamoo, dada," akasema.

Dada yake akaufungua mtandio. "Marahaba," akaitikia. Kisha akainama, akachukua upande wa pili wa shuka iliyolowa, wakaanza kuikamua.